Kula Karo

Kila Oktoba, bonasi ya chai ikishaingia, baba yangu huniuliza swali lile lile. Haulizi kwa hasira. Tunakuwa tumekaa jikoni kule Githongo, nje ukungu umeshuka hadi kwenye ua kama kawaida yake, naye anasema kama mtu anayekumbuka kitu alichokiweka mahali: "Na zile za chuo, hasa zilienda wapi?"

Mimi humjibu kwa falsafa. Namwambia elimu haipotei, Baba. Namwambia mtu anaweza kuacha chuo na asiache kujifunza. Yeye hutikisa kichwa, anamimina chai nyingine, mazungumzo yanahamia kwa ng'ombe. Nimeshinda hoja hiyo miaka minne mfululizo, na usiku wake sijawahi kulala vizuri.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Chuo chenyewe kiko Nairobi na sitakitaja, kwa sababu hakina kosa lolote katika habari hii. Nilikuwa nasoma falsafa na fasihi, mchanganyiko ambao ukiutaja kwenye matatu ya Meru watu wanakuonea huruma kabla hujashuka. Siku hizi naandika vitu vya watu: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi za watu wasiojua kusema wanachohisi, wasifu wa wakubwa kwenye tovuti. Mwezi mwingine nalipwa, mwezi mwingine naambiwa invoisi iko kwa mhasibu.

Swali la Baba lilianza kunisumbua kwa namna nyingine nilipoenda harusi Arusha. Tulipita Namanga, tukalala mjini, asubuhi tukapanda daladala ya barabara ya Moshi. Karibu kilomita ishirini hivi kutoka Arusha, pale Usa River, nikaona kibao cha Makumira. Kando yangu alikaa mama mmoja na kikapu cha parachichi. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza hicho ni chuo gani.

"Cha Walutheri, mwanangu. Zamani kilikuwa cha wachungaji tu. Sasa wanasoma kila kitu, mpaka muziki." Halafu akaniuliza nimetoka wapi.

"Meru."

"Meru hapa?"

"Meru ya Kenya, mama."

Akacheka. "Kumbe mko wawili."

Tuko wawili kweli, na wengi wetu huku hatujui. Wameru wa Tanzania hujiita Warwa, na lugha yao iko karibu na Kichaga, wakati Kimeru chetu ni ndugu ya Kikuyu na Kiembu. Jina tu ndilo linalofanana, pamoja na bahati ya kuishi chini ya mlima. Wao wana wao, zaidi ya mita 4,500, sisi tuna Kirinyaga. Nilikuwa na simu, intaneti na saa moja ya foleni, kwa hiyo nikaanza kusoma juu ya kile chuo, na nikaendelea miezi mingi baadaye usiku ambao nilipaswa kuandika maelezo ya sufuria za watu.

Kwanza ni lazima uelewe kwamba dini nyingi za huku kwetu ziligawanywa kama mashamba. Kwetu Meru, Wamethodisti walifika mwaka 1912, Wakatoliki wa Consolata walikuwa wametangulia kidogo, Wapresbiteri wakashika Chogoria, Waanglikana wakashika Embu. Mimi ni Mmethodisti kwa sababu ya ramani ambayo babu yangu hakuulizwa. Kule Meru nyingine ramani iliwapa Walutheri, na bei ya kwanza ilikuwa damu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, vijana kutoka nchi za Baltiki, waliuawa usiku pale Akeri pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, na kisasi hicho hakikupima nani alishika mkuki. Mwaka 1902 wamisionari walirudi, wakajenga Nkoaranga. Watoto wa waliopigwa wakaanza kufundishwa kusoma na ndugu wa waliouawa. Sijui kama kuna shule yoyote ya zamani Afrika ambayo ukichimba chini yake hukuti kitu cha namna hii.

Chuo chenyewe hakikuzaliwa Makumira. Kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, milima ya Usambara, na kilianza kwa shida. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na Waingereza wakaondolewa, na makanisa yao yakaachwa bila wenyewe. Wamarekani wa kanisa la Augustana, wenye asili ya Uswidi, wakaja kusaidia, lakini nchi ni kubwa. Ikawa wazi kwamba wachungaji lazima watoke hapa hapa, tena wasomeshwe pamoja: Mhaya wa Bukoba, Mchaga wa Kilimanjaro, Msambaa, mtu wa Kusini, watu ambao makanisa yao yalikuwa na wazungu tofauti na nyimbo tofauti. Mwaka 1954 chuo kikahamia Makumira. Miaka tisa baadaye, mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa moja. Mimi naamini waliungana kwanza bwenini, wakigombania maji ya kuoga, kabla ya kuungana kwenye karatasi. Hilo ni wazo langu tu, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa bweni atanielewa.

Miaka arobaini chuo kikabaki kidogo na cha wachungaji. Mwaka 1968 kikaanzisha jarida la teolojia la Afrika, wakati ambapo teolojia ilikuwa bidhaa ya kuagiza kutoka nje kama matrekta. Mwalimu mmoja Mmarekani, Howard Olson, akawaambia wanafunzi wake waache kutafsiri nyimbo za Ujerumani na waandike kwa tuni za kwao. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa wa Bukoba, akatunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya." Ukienda kanisa la Kilutheri huko Minnesota leo unaweza kuukuta kwenye kitabu chao, kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanisa lilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji. Katika muongo huo huo Makumira ikaingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini pamoja na ndugu zake wa Iringa na Moshi, na taratibu mlango ukafunguliwa kwa wasiotaka uchungaji: ualimu, sheria, na muziki ule aliousema yule mama.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu hapo ndipo mahali pangu. Chuo kidogo cha kanisa kinapoamua kufundisha mtu ambaye hatakuwa mchungaji, kinaamua nini hasa? Wamarekani, ambao Walutheri wao walijenga vyuo vidogo vingi vya aina hii karne ya 19, wana jina la elimu hiyo. Tukilileta kwetu tunapata sanaa huria, na nusu ya watu wanafikiri unazungumzia Chuo Kikuu Huria. Asili yake ni Roma. Zilikuwa sanaa za mtu aliye huru: sarufi, mantiki, ufasaha, hesabu, muziki, elimu ya nyota. Mtumwa alifundishwa kazi ya mikono. Mtu huru alifundishwa kufikiri na kusema. Pwani yetu wana neno ambalo Mrumi angelitambua mara moja: uungwana. Muungwana ni mtu mwenye adabu, lakini ukirudi nyuma, muungwana ni yule ambaye si mtumwa. Adabu na uhuru vimekaa katika neno moja, na watumwa wako nje ya neno wakipika.

Kwa hiyo elimu niliyoichagua ilikuwa elimu ya muungwana, na swali la Baba, ukiliondolea upole, ni hili: nani alikuwa anapika?

Mama yangu. Mama huchuma chai siku sita kwa wiki, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, na vidole vyake vimekuwa na rangi ambayo sabuni haiitoi. Chai hupelekwa kituoni, inapimwa, malipo ya mwezi yanakuja madogo, bonasi inakuja Oktoba. Kwa miaka miwili na zaidi ile bonasi ilikuwa na jina langu kabla haijafika.

Nilipoanza kusoma juu ya Walutheri nilitafuta kwanza faraja, na faraja niliipata kwa Luther mwenyewe. Wengi hatujui kwamba Martin Luther aliacha chuo. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa migodi ya shaba aliyejitahidi mpaka akapanda, na mpango wake ulikuwa ule ule wa kila mzazi wa Meru: kijana awe wakili. Martin akamaliza shahada ya uzamili Erfurt mwaka 1505, akaanza sheria. Mwezi wa saba mwaka huo huo radi ikampiga karibu akiwa njiani, akaapa kuwa mtawa, akaacha. Hans alikasirika vibaya. Miaka miwili baadaye, siku ya misa ya kwanza ya mwanawe, alikuja na wapanda farasi ishirini na zawadi ya pesa, na pale mezani, mbele ya watu, akamuuliza kama hajawahi kusikia kwamba mtoto anapaswa kuwaheshimu baba na mama yake. Luther alikumbuka swali hilo maisha yake yote. Nilipolisoma nilicheka peke yangu chumbani, saa nane usiku, kisha nikaacha kucheka.

Maana mtu huyo huyo, baadaye, ndiye aliyewapigia kelele wazazi. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani: mnatumia pesa kila mwaka kwa bunduki, barabara na madaraja, kwa nini si kwa shule? Mwaka 1530 akaandika hotuba nzima kuwataka watu wasiwaondoe watoto shuleni. Na alifundisha kwamba kila kazi ni wito. Anayefagia na anayehubiri wote wanamtumikia Mungu kwa kutumikia jirani. Nikaona nimeokoka. Kama kila kazi ni wito, basi kuandika maelezo ya sufuria ni wito. Kama Luther aliacha sheria na dunia ikageuka, mimi ni nani nisiache falsafa?

Nilikuwa na ushahidi mwingine pia. Kuna chuo kidogo cha Kilutheri huko Michigan, mji wa Hancock, kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kifini mwaka 1896, mwaka ule ule Ovir na Segebrock walipouawa Akeri. Kilianza kwa jina Suomi, maana yake Ufini, baadaye kikaitwa Finlandia. Wale Wafini wengi wao walikuwa watu wa migodi ya shaba, kama baba yake Luther. Mwaka 2023 kikafunga. Deni, wanafunzi wachache, basi. Miaka 127, na siku moja wanafunzi wanaambiwa watafute kwingine. Nikajiuliza: zile senti za wachimba migodi zilipotea? Hakuna mtu mwenye akili angesema hivyo. Waliofundishwa pale walifundishwa. Kwa hiyo, nikasema, hata chuo chenyewe kinaweza kukomea njiani bila aibu, sembuse mwanafunzi. Hoja nzuri. Nilimpa Baba toleo lake fupi Oktoba ya tatu.

Aliyenivuruga ni Nyerere. Katika miaka ya 1960 alitoa mfano ambao ukishausikia hautoki. Kijiji kina njaa. Wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula. Mtu huyo ndiye msomi. Akila asirudi, ni msaliti. Nyerere hakulainisha neno. Na mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zetu zinamtenga mtoto na jamii yake, zinamfanya aone jembe kama adhabu.

Kwa muda mrefu nilipigana na mfano huo. Nilisema: je, kama huko mbali hakuna chakula? Wenzangu waliomaliza na shahada zao wanaendesha bodaboda, wengine wanauza laini za simu, mmoja yuko Qatar analinda geti. Kijiji kilimtuma mtu kwenye ghala tupu, halafu kinamwita msaliti kwa kurudi mikono mitupu? Tena nani kasema chakula ndicho kitu pekee cha kuletwa? Kyamanywa alitumwa kusomea uchungaji, akarudi na wimbo pia. Nani ataupima wimbo kwenye mizani ya kituo cha chai?

Nilidhani nimemaliza. Halafu nikakutana na Kirilo Japhet.

Miaka mitatu kabla ya chuo kuhamia Makumira, upande mwingine wa mlima ule ule, serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki. Ilikuwa Novemba 1951. Watu kama elfu tatu waliondolewa, nyumba zikachomwa, ardhi ikapewa walowezi wa kizungu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Wameru wakaamua kulipeleka shauri huko juu. Wakachanga. Watu waliokuwa wametoka kupoteza mifugo na nyumba wakatoa pesa ili mtu mmoja apande ndege. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, na wakili wao Earle Seaton, mtu wa Bermuda, akiwa naye.

Huo ni mfano wa Nyerere kabla Nyerere hajautunga. Kijiji chenye njaa, mtu mmoja, safari ya mbali. Na alishindwa. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Mkutano Mkuu. Ardhi haikurudi wakati ule. Kirilo alirudi bila chakula.

Lakini kuna kitu alichofanya ambacho nilikisoma mara tatu. Alirudi, akazunguka, akasimama mbele ya watu akawaeleza. Nilienda, nilisema hivi, walinijibu hivi, tulishindwa kura. Alipita sehemu nyingi za nchi akisimulia. Watu waliomsikia wakaanza kuelewa utawala wa kigeni ni nini hasa, na TANU ilipoundwa Julai 1954, mwaka ule ule wa Makumira, ilikuta udongo umeshalimwa. Hakuna Mmeru aliyemwita msaliti kwa sababu ya kurudi mikono mitupu. Walijua pesa zao zilikwenda wapi, kwa sababu aliwaambia.

Niliposoma hapo nikafunga kompyuta, nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za ploti yetu Kahawa West mpaka baridi ikanirudisha ndani.

Kwa sababu hivi ndivyo ilivyokuwa, na sijawahi kuiandika. Sikuacha chuo siku niliyowaambia nyumbani kwamba nimeacha. Niliacha mwaka mmoja kabla. Niliacha kwenda darasani nusu ya mwaka wa pili. Haikuwa radi, haikuwa wito. Nilifeli somo moja, nikaona haya, nikakosa la pili, halafu asubuhi moja nikagundua kwamba ukibaki kitandani hakuna anayekuja kukutafuta. Karo ya semista mbili iliendelea kuja kwa simu, bonasi ile ya Oktoba ikiwemo. Nikalipia nyumba. Nikanunua laptopu, ambayo ndiyo naandikia hii. Nikala. Campo tuna jina la kitu hicho, tunasema fulani amekula fees, na tunacheka. Baba akipiga nilikuwa namwambia nimetoka kwenye mtihani. Mara moja nilimtajia hata maswali.

Na sijamaliza. Nina dada, ananifuata kwa miaka miwili. Alifanya vizuri mtihani wa kidato cha nne, akapata nafasi ya kusomea ualimu. Aliambiwa asubiri kidogo, ndugu yako amalize, chai haiwezi kulipia wawili. Akasubiri. Semista zile mbili nilizokula zilikuwa zake kwa maana ya wazi kabisa, si ya kifalsafa. Nilipokuja kusema nimeacha, mwaka huo bei ya chai ilikuwa imeshuka, ng'ombe alikuwa ameuzwa, nafasi yake ikawa imepita. Sasa anauza dawa za mifugo dukani pale Githongo. Anajua dozi ya kila kitu kwa kilo za mnyama, hesabu anafanya kichwani. Ile barua ya Luther kwa madiwani, niliyoisifu hapo juu, ilipendekeza mvulana asome saa moja au mbili kwa siku, na msichana saa moja, kisha arudi kwa kazi za nyumbani. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliona ni ushamba wa karne ya 16.

Ukiniuliza sasa swali kubwa, kama elimu ni deni, bado nina hoja zangu na bado nadhani ni nzuri. Sidhani ni deni. Deni lina tarehe, na ukishalilipa wewe na mwenye nalo mnaweza kuwa wageni kwa kila mmoja. Mama hakunikopesha. Alinipa, na zawadi hairudishwi kwa namna hiyo. Mwanafunzi ana haki ya kubadilisha nia, kama Martin, na mzazi ana haki ya kukasirika, kama Hans. Chuo kina haki ya kufundisha muziki kwa mtoto wa mkulima bila kuonyesha kazi atakayopata. Hayo yote nayaamini. Lakini nimeona nilivyoyatumia. Miaka minne Baba alikuwa ananiuliza swali la mhasibu, nami namjibu kama mwanafalsafa, si kwa sababu swali lake lilikuwa dogo bali kwa sababu lilikuwa na jibu. Zilienda nyumba, laptopu, na chakula. Sentensi moja. Falsafa niliyoisoma kwa pesa zake niliitumia kumfunga mdomo. Kama kuna kitu kinaitwa kutoheshimu baba na mama, nadhani kinafanana na hicho kuliko kuacha sheria na kwenda kuwa mtawa.

Nilimwambia dada kwanza, kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia mteja akiuliza bei ya dawa ya kupe, naye akamjibu vizuri tu, akampa chenji. Kisha akasema, "Nilijua kuna kitu." Nikaanza kumwambia nitakuwa namtumia pesa kila mwezi, arudi shule, bado hajachelewa. Akanikata. "Pesa tutaongea baadaye. Mimi usiniambie mimi. Mwambie Baba."

Oktoba iliyopita nilipanda gari ya asubuhi. Bonasi ilikuwa imeingia. Baba alikuwa jikoni, ukungu uko pale pale, na alipouliza nilimwambia. Nilianza na mwezi niliotoka darasani, nikaenda moja kwa moja, tarehe kwa tarehe, pesa kwa pesa, mpaka laptopu. Sikumtaja Luther. Nilipofika kwa dada sauti yangu ilikatika, akangoja mpaka ikarudi.

Hakunipigia kelele. Aliweka kikombe chini, akakitazama. Nje kulikuwa na mtu anapita na mkokoteni wa majani ya ng'ombe, akamsalimia, akajibu salamu. Halafu akaniambia hilo jambo yeye hatambebea Mama, nitalisema mwenyewe, na nilianzie mwanzo kama nilivyolianza kwake.

"Yuko mkutano wa akina mama kanisani," akasema. "Watatoka saa kumi na moja. Msubiri."

Nikatazama simu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.